Bustani juu ya jaa: somo la Cairo kwa familia na misikiti yetu



Kila sifa njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), anayeihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Ndugu msomaji, juma hili nakusudia kuzungumza na wazazi, na pia na wenzangu tulio katika kamati za misikiti, kuhusu jambo ambalo baadhi yetu huliona dogo: familia kwenda kukaa katika bustani tulivu. Sikusudii fukwe zenye muziki hadi usiku, wala viwanja vya kulipia ambako mtoto hutoka akidai zaidi na mzazi hutoka mfuko umemkauka. Nakusudia bustani iliyopangwa kwa ustadi, yenye njia, miti, maji na mahali pa kuketi. Mtu huingia humo na vurugu za mji kifuani mwake, akanyamaza kidogo, akatoka akiwa mwepesi.

Suala hili linanigusa kwa namna ya pekee wakati huu. Kamati ya msikiti wetu, ambayo mimi ni katibu wake, ina kiwanja kidogo nyuma ya jengo. Mwezi ujao, insha Allah, itaamua iwapo kiwanja chote kijengwe fremu za maduka, au sehemu yake iachwe iwe na miti na kivuli. Naamini ziko kamati nyingi zenye mjadala kama huu. Kabla sijasema ninaloliona, nakuomba twende kwanza Cairo, kwani huko iko bustani ambayo habari yake ina mafunzo kwa pande zote mbili za mjadala wetu.

Jaa la miaka mia tano

Mashariki ya Cairo ya kale, ile iliyoasisiwa mwaka 969, palikuwa na vilima vinavyoitwa Darassa. Upande wao mmoja ni makaburi makubwa ya mji. Upande wa pili ni mtaa wa Darb al-Ahmar, wenye misikiti ya karne nyingi na nyumba za watu wa kipato kidogo. Kwa takriban miaka 500, watu wa mji walikuwa wakimwaga kifusi na taka juu ya vilima hivyo, mpaka taka zenyewe zikawa vilima. Mtoto aliyezaliwa Darb al-Ahmar alikuwa akifungua dirisha la mashariki na kuona jaa.

Mwaka 1984, Aga Khan wa Nne, aliyekuwa kiongozi wa Waismailia wakati huo, alitangaza nia ya kuwapa watu wa Cairo bustani, na mahali palipochaguliwa ni hapo penye jaa. Kazi haikuwa nyepesi. Kwanza mamlaka za mji zilihitaji eneo hilo kwa matangi matatu makubwa ya maji safi, kila moja likiwa na kipenyo cha mita 80, na ilibidi bustani isubiri matangi yajengwe, kisha ipangwe juu yake na kandokando yake. Udongo nao ulikuwa na chumvi nyingi kiasi kwamba mimea ya kawaida isingestahimili. Ukafunikwa kwa tabaka za udongo mwingine ulioandaliwa. Kifusi na udongo uliohamishwa ulifikia meta za ujazo milioni moja na nusu. Gharama ilifika takriban dola za Marekani milioni 30. Bustani, yenye ukubwa wa hekta 30, ilizinduliwa rasmi mwezi Machi 2005. Yaani kutoka nia hadi uzinduzi ilipita miaka 20.

Wachimbaji walipokuwa wakiondoa kifusi upande wa magharibi, walikutana na ukuta. Ulikuwa ni ukuta wa mji wa zama za Salahuddin al-Ayyubi, wa karne ya 12, uliokuwa umefukiwa kabisa. Ukafukuliwa na kukarabatiwa kwa urefu wa kilomita moja na nusu, na leo ndio mpaka kati ya bustani na mtaa. Mzigo wa taka ulikuwa umeificha historia ya Waislamu wa mji ule, na kazi ya kutafuta kivuli ndiyo iliyoifichua.

Kuna jambo jingine ambalo waliotekeleza mradi walilizingatia. Walitambua kwamba bustani nzuri iliyo jirani na mtaa wa watu wa kipato kidogo inaweza kugeuka kuwa sababu ya watu hao kuondolewa. Kwa hiyo kazi haikuishia kwenye maua. Vijana wa Darb al-Ahmar walifundishwa useremala na uashi, wengine wakaajiriwa katika mradi wenyewe. Nyumba za watu zilikarabatiwa. Ikatolewa mikopo midogo. Na msikiti wa Umm al-Sultan Shaban, wa karne ya 14, ukarejeshewa hadhi yake.

Niliyoyaona humo

Niliingia katika bustani hiyo siku ya kazi, baada ya Alasiri, nikiongozana na mdogo wangu anayesoma Al-Azhar. Mlango mkubwa uko kando ya barabara ya Salah Salem, ambako magari hayaishi na honi hazinyamazi. Ukishalipa kiingilio kidogo na kupanda, kelele hupungua hatua kwa hatua, mpaka kinachobaki ni sauti ya maji.

Mpango wake ni wa wazi. Iko njia kuu moja pana, iliyotandikwa mawe yenye nakshi, na pande zake mbili imesimama miti mirefu ya jamii ya mitende, imepangwa kama safu za sala. Katikati ya njia hutiririka maji katika mifereji, yakikatizwa hapa na pale na chemchemi ndogo. Ukiinua macho, unaona mbele yako Ngome ya Salahuddin na msikiti wa Muhammad Ali juu yake. Njia hiyo inateremka hadi kwenye ziwa dogo. Kando yake ziko bustani ndogo zenye miti ya matunda na vijia vya kupindapinda kwa anayetaka kujitenga.

Nilivutiwa zaidi na watu. Baba mmoja alikuwa akiwamenyea watoto machungwa, na maganda akiyatia mfukoni. Kijana mwenye kilemba cha Al-Azhar alikuwa akienda na kurudi chini ya miti, msahafu mkononi, akihifadhi. Bibi mmoja alikuwa amekaa peke yake akiangalia maji, tasbihi ikizunguka vidoleni, na hakuna aliyemsumbua. Jua lilipozama, adhana ya Magharibi ilipanda kutoka minara ya mji wote chini yetu, na watu wakaanza kusimama. Mdogo wangu aliniambia kwamba siku za mapumziko hali huwa nyingine, watu hujaa na utulivu hupungua, na kwamba wanafunzi wanaotaka kusoma huja siku za katikati ya juma. Nalitaja hilo ili mwenye kujaaliwa safari ajue siku ya kwenda.

Wakati bustani hiyo inapangwa, ilielezwa kwamba eneo la kijani la Cairo likigawanywa kwa wakazi wake, kila mmoja angepata kiasi cha unyayo mmoja. Tujiulize, ndugu msomaji, mtoto wa mtaani kwako anapata kiasi gani?

Bustani ni neno letu

Huenda mtu akasema kwamba mambo ya bustani ni ya wazungu na matajiri. Lugha yetu yenyewe inakanusha. Neno "bustani" limetujia kutoka Kiajemi, na asili yake ni mahali pa harufu nzuri. "Janna", neno ambalo Allah amelitumia kwa makazi ya waja wake wema, kwa Kiarabu ni bustani, na linatokana na mzizi wenye maana ya kufunika. Kwani miti ya bustani hufunika ardhi kwa kivuli chake. Kutoka mzizi huo huo tunapata "janini", mtoto aliyefichwa tumboni mwa mama. Na pale Madina, eneo lililo kati ya nyumba ya Mtume (s.a.w.) na mimbari yake tunaliita Rawdha, yaani bustani.

Waislamu waliojenga bustani kubwa za dunia walizipanga kwa mifereji inayoligawa eneo katika sehemu nne. Wanahistoria wanaeleza kwamba mpangilio huo ulikuwapo Uajemi kabla ya Uislamu; Waislamu waliupokea, wakauona unaafikiana na mito ya Peponi iliyotajwa katika Sura Muhammad, aya ya 15: wa maji, wa maziwa, wa mvinyo usiolevya na wa asali. Ndiyo maana utaukuta katika bustani ya Taj Mahal kule Agra, na katika bustani ya kaburi la Humayun kule Delhi. Anayetembea humo hukumbushwa, bila ya mtu kumhubiria, kwamba iko bustani nyingine anayopaswa kuifanyia kazi.

Nasi watu wa pwani hatukuwa nyuma. Wazee wetu waliishi mjini katika nyumba zilizobanana, lakini waliokuwa na uwezo walikuwa na viunga nje ya mji, vyenye minazi, miembe, mikomamanga na visima. Familia zilitoka kwenda kiungani kupumzika. Leo neno "kiunga" limebaki zaidi kuwa jina la pembezoni mwa mji, na miti yenyewe imekwisha.

Mtume (s.a.w.) na bustani za Madina

Aliyekuwa na majukumu makubwa kuliko sisi sote alipata nafasi ya kuketi bustanini. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Abu Talha (r.a.), aliyekuwa na mitende mingi kuliko Ansari wengine wa Madina, alikuwa na bustani iitwayo Bayruha, iliyoelekeana na msikiti. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia humo na kunywa maji yake matamu. Iliposhuka aya ya 92 ya Sura Al-Imran, inayotufundisha kuwa hatutaufikia wema mpaka tutoe katika vile tuvipendavyo, Abu Talha alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akaitoa Bayruha, kwa sababu ndiyo mali aliyoipenda kuliko zote. Mtume (s.a.w.) akaisifu kuwa ni mali yenye faida, na akamwelekeza aigawe kwa jamaa zake.

Vilevile imepokewa kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) kwamba siku moja Mtume (s.a.w.) aliingia katika bustani yenye kisima cha Aris, akakaa ukingoni mwa kisima, akaacha miguu yake ining'inie ndani. Abu Musa akajiweka mlangoni kuwa bawabu. Akaja Abu Bakr, kisha Umar (r.a.), nao wakakaa vivyo hivyo, kulia na kushoto kwake. Akaja Uthman (r.a.), akakuta ukingo umejaa, akakaa upande unaowaelekea. Wote watatu walibashiriwa Pepo siku hiyo, wakiwa wamekaa kama marafiki wanavyokaa, miguu ikielekea majini. Nakuomba mzazi uwasimulie watoto kisa hiki. Wengi wanawajua maswahaba vitani tu. Hawawajui wakiwa wamepumzika.

Lakini dini yetu ni ya wastani, na bustani nayo ina mtihani wake. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abu Talha alikuwa akisali bustanini mwake, ndege akaruka huku na huku akitafuta njia ya kutoka katika miti iliyoshonana. Abu Talha akavutiwa, akamfuata kwa macho, hata asijue amesali rakaa ngapi. Alimwendea Mtume (s.a.w.), akamweleza, na akaitoa bustani hiyo sadaka. Bustani iliyo njema ni ile inayokurejesha kwa Mola wako. Ikikusahaulisha, imegeuka fitina.

Hoja za kamati

Sasa turejee kwenye kiwanja chetu. Mweka hazina wetu, mzee ninayemheshimu sana, ana hoja nzito. Anasema fremu sita zitalipa umeme, maji, na posho za imamu na walimu wa madrasa, na kwamba ni aibu kwa msikiti kupitisha bakuli kila Ijumaa ilhali una ardhi iliyolala. Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Mwalimu wa madrasa aliyekaa miezi mitatu bila ya posho hashibi kwa kivuli cha mti.

Upande wa pili alizungumza mama mmoja anayeiwakilisha jumuiya ya wanawake. Aliuliza swali moja: watoto 80 wa madrasa, wakitoka darasani saa kumi na moja, wanakwenda wapi? Sote tunajua jibu. Wanakwenda barabarani, baina ya bajaji na bodaboda, kwa sababu nyumbani ni chumba na sebule, na korido ni ya wapangaji wote. Akaongeza kwamba wanawake wakija kwenye darsa hawana pa kukaa kuzungumza isipokuwa kwenye ngazi.

Kwa maoni yangu, Cairo inatufundisha kwamba si lazima kuchagua kimoja na kukiua kingine. Bustani ile hutoza kiingilio na ina migahawa, na mapato hayo huihudumia. Nasi tunaweza kujenga fremu upande unaotazama barabara, na sehemu ya ndani tukaiacha iwe na miti. Fremu tatu badala ya sita ni pato dogo zaidi, nakiri. Lakini ni pato linaloendelea, na kivuli nacho kinaendelea.

Yako mambo matatu ambayo kamati yoyote inafaa kuyaangalia kabla ya kupiga kura. La kwanza ni sharti la aliyetoa ardhi. Ikiwa kiwanja ni waqfu, masharti ya mtoaji yaheshimiwe. Waraka utafutwe, na wenye elimu ya fiqhi waulizwe kabla ya fundi kuitwa. La pili ni maji. Kila siku msikiti humwaga maji ya udhu kwenye shimo. Maji hayo hayana mafuta wala taka za jikoni. Mfereji mmoja wa saruji unaweza kuyapeleka kwenye mizizi, yakanywesha miti mwaka mzima bila ya kuongeza bili. La tatu ni matunzo. Mti usio na mwenyewe hufa. Wapewe watoto wa madrasa, kila kundi mti wake, waumwagilie na kuulinda. Mwarobaini kwa kivuli, mkomamanga na mpera kwa matunda, mwasumini na mlangilangi kwa harufu. Hayo hayahitaji dola milioni 30.

Na malipo yake yako wapi? Imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Muislamu anayepanda mti, kisha akala katika mti huo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi hata kunguru wa Dar es Salaam wanaotuudhi alfajiri watatuandikia thawabu.

Wazazi waanze wapi?

Si lazima kungoja kamati, wala kwenda Misri. Dar es Salaam tunayo Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho ya Taifa, iliyoachwa tangu zama za utawala wa Wajerumani. Walioko Unguja wanayo Forodhani, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009 kwa msaada wa taasisi ile ile iliyoijenga bustani ya Cairo. Jioni ina pilikapilika za wauza vyakula, lakini asubuhi ni tulivu. Kila mji una mahali pake, na nauli ya daladala ndiyo gharama kubwa.

Nendeni mapema, kabla ya jua kupanda, siku isiyo na msongamano. Chukueni maji, matunda, mkeka na mfuko wa kurudishia taka. Simu zikae mkobani kwa saa moja tu. Ikiwa saa moja ni ndefu, hiyo yenyewe ni dalili ya tuliko. Msikimbilie kuwafanyia watoto darasa. Waacheni waangalie chungu wakibeba mzigo, kisha wakiuliza, jibuni. Wafundishwe kutovunja matawi, kutowafukuza ndege kwa mawe, na kupunguza sauti kwa ajili ya wengine, kwani utulivu wa bustani ni mali ya kila aliyemo. Stara ya mavazi na ya macho ichungwe. Na baba asijitenge pembeni akasoma magazeti, hata kama ni hili. Aketi na mkewe, wazungumze. Ziko nyumba ambazo mume na mke kwa mwezi mzima wamezungumza kodi, ada na mboga tu.

Mkutano wa kamati yetu ni mwezi ujao, na sijui kura zitakwendaje. Aliye na uzoefu wa msikiti uliofanikiwa kuchanganya miradi na miti, namwomba atuandikie kupitia gazeti hili, ili hoja tutakazozipeleka mezani ziwe na ushahidi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hata Kiyama kikimkuta mmoja wetu na mche mkononi, akiweza kuupanda, aupande. Sisi Kiyama hakijatukuta, na miche inauzwa kando ya barabara.

Wabillahi tawfiq.